Kodi Iliyotangazwa Mlangoni mwa Msikiti

Vijana wangu, msimwambie mtu kwamba kodi yake inapanda hali mmesimama. Kaeni kwanza. Hata kama ni kwenye ndoo iliyopinduliwa, kaeni. Mpangaji akikuona umesimama mlangoni mwake na uso wa kazi hasikii tena unachosema, anausikia moyo wake tu unavyokwenda mbio. Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa katika kazi hii, na ndilo la kwanza nililoliacha.

Mimi naitwa Faki. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimesimamia nyumba za watu hapa Chake Chake: nyumba za kupangisha, vyumba vya uani, na milango michache ya maduka. Wenyewe wako Unguja, Dar es Salaam, Maskati, na wengine hawajakanyaga Pemba tangu walipoondoka wakiwa wadogo. Mimi ndiye niliyekuwa macho yao na mkono wao. Siku hizi nyinyi mmeichukua kazi hii na mnaifanya kwa simu, na simu sina ugomvi nayo. Ila msijichanganye na madalali. Dalali hupata chake siku mpangaji anapoingia, akaenda zake. Msimamizi hubaki na mpangaji mpaka choo kizibe, na hapo ndipo mnapojuana.

Mmeniomba niwaandikie machache juu ya kupandisha kodi na kutoa notisi, kwa kuwa eti nilikuwa bingwa wa jambo hilo. Nimekubali kwa shingo upande. Ubingwa wenyewe nitausimulia, na nina haya nao.

Aliyenifunza ni marehemu Mzee Shaame, mtu mfupi wa Wete mwenye baiskeli kubwa kuliko yeye. Notisi yeye aliipeleka nyumba kwa nyumba. Anafika, anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa, anauliza hali ya kila mtu wa nyumba ile mpaka mbuzi. Chai inakuja, anakunywa. Inaongezwa, anakunywa tena. Neno la kodi linatoka mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, na likishatoka haondoki papo hapo. Anakaa tena kidogo, anazungumza mambo mengine, ili mpangaji asione kwamba amefuatwa kwa ajili ya fedha tu. Kazi ambayo mimi ningeimaliza kwa asubuhi moja ilikuwa ikimchukua wiki nzima.

Nilidhani ni uzee. Siku moja nikamwuliza kwa nini anajitesa namna ile.

"Yakhe," akaniambia huku akicheka, "chai yote ile itakwenda wapi? Nikinywa vikombe viwili lazima niombe choo. Na nikishaingia choo cha ntu, miye nshaiona nyumba yote."

Na kweli, hapakuwa na bomba linalovuja wala mlango wa choo uliooza ambao Mzee Shaame hakuujua. Alizikagua nyumba zote bila mpangaji hata mmoja kuhisi kwamba anakaguliwa.

La pili alilonifunza ni kwamba bati litengenezwe kabla kodi haijaguswa. Hili sikulisikia kwa masikio, nililipata kwa maji. Nilikwenda kwa mpangaji mmoja, mtu wa Fundo aliyekuwa akiuza samaki sokoni, siku ya mvua za masika. Paa lake lilikuwa likivuja na alikuwa ameshalalamika hata amechoka. Akanipokea vizuri sana. Akaniwekea kiti mwenyewe, akakipima kwa jicho, akakisogeza kidogo. Nilipokaa tu, tone likanipiga utosini. Nikajaribu kuhama.

"Hapo hapo, Bwana Faki," akasema, "hapo ndo pahala pa mgeni."

Nikaletewa chai. Kikombe changu kilikuwa hakipungui, kila nikipiga funda dari inanirudishia. Yeye amekaa pembeni, mkavu, ananiuliza habari za nyumbani. Neno la kodi sikulitaja. Kesho yake nilikwenda kumtafuta fundi.

Na la tatu ni majira. Kila mpangaji ana mwezi wake, na msimamizi anayepandisha kodi bila kuujua mwezi huo anatafuta ugomvi. Mwenye mikarafuu huko kwao, msubiri achume, aanike, auze. Mfanyakazi wa serikali mshahara wake haujui karafuu, lakini mwezi shule zinapofunguliwa usimguse, maana viatu na madaftari vinamngoja yeye. Yule mama wa Micheweni aliyepanga chumba mjini, tegemeo lake ni mwani wa ndugu zake, basi mwache mpaka mnunuzi wa mwani aje. Ramadhani iacheni kabisa, nayo Idi ikikaribia fanyeni kama hamjui hata nyumba ni ya nani. Mzee Shaame yote haya alikuwa nayo kichwani, na kila mpangaji akipandishiwa kwa wakati wake.

Alipofariki, Mungu amrehemu, nyumba zote zikawa zangu mimi kuzisimamia. Nikaona sasa mambo yaende haraka. Daktari alikuwa amenikataza sukari, nikaifanya hiyo ndiyo sababu: nitawezaje kunywa chai za watu wote wale? Kumbe chai wangeweza kunipa kavu, isiyo na sukari. Sababu hasa ilikuwa uvivu, pamoja na kujiona.

Nikabuni njia yangu. Karibu wapangaji wangu wote walikuwa wakisali Ijumaa katika msikiti mmoja. Ndani ya msikiti hapasemwi biashara, hilo nalijua, kwa hiyo nilikuwa nasubiri nje, kwenye ngazi, pale watu wanapotafuta viatu vyao. Mtu anayetafuta kiatu hawezi kuondoka upesi. Nikakohoa, nikatoa salamu, nikasema: "Wapangaji wangu wa nyumba za mtaani hapa, kodi itapanda baada ya miezi mitatu, kama mkataba unavyotaka. Aliyesikia amwambie asiyesikia." Basi. Wiki nzima ya Mzee Shaame nikaimaliza kabla watu hawajavaa viatu.

Wenye nyumba walinisifu sana. Nilikuwa nawapigia simu nawaambia kwamba kila mpangaji ameshaambiwa mbele ya mashahidi tele, tena watu waliotoka kusali. Hakuna wa kukana. Mmoja wao, aliyeko Maskati, mwenye nyumba nzuri pale chini ya mteremko, alisema hajapata kuona msimamizi kama mimi. Nikavimba kichwa. Hapo ndipo ubingwa wangu ulipoanzia.

Katika nyumba hiyo ya mtu wa Maskati alikuwa akikaa Mwalimu Anselmi. Ni mtu wa bara, Mkristo, mwalimu wa fizikia katika sekondari ya hapa mjini, na alikuwa amekaa pale na mkewe Mama Upendo na watoto wao miaka mingi bila neno. Kodi alikuwa akiileta mwenyewe, kwenye bahasha, siku ya kwanza ya mwezi. Jioni, wasichana wa mtaani wanaosoma na binti yake Upendo walikuwa wakija kwenye baraza lake kufundishwa, bure, chini ya taa ya umeme aliyoitundika mwenyewe. Hata wajukuu wa Bi Mize, jirani yake wa mlango kwa mlango, walikuwa pale kila siku.

Mnaona kosa langu? Mimi sikuliona. Nawaapia, vijana wangu, sikuliona mpaka siku ile alipokuja na bahasha.

Nilikuwa nimekaa barazani kwangu pamoja na watu wawili watatu. Akanishika mkono, akasema shikamoo, akanipa. Nikaifungua, nikaona ni kodi ile ile ya zamani.

"Mwalimu, hii imepungua," nikamwambia.

"Imepungua vipi, mzee?"

"Kodi imepanda kuanzia mwezi huu. Tulitoa notisi ya miezi mitatu."

"Mimi sikupata notisi, mzee. Mliitoa wapi?"

"Msikitini. Ijumaa."

Mmoja wa wale waliokaa na mimi akaanza kutazama kucha zake. Hapo ndipo lilipoingia kichwani mwangu, lote kwa mara moja, na uso ukaniwaka moto. Mtu niliyemjua dini yake tangu siku anaingia katika nyumba ile nilimtolea notisi msikitini.

Lililokuwa la kufanya lilikuwa jepesi. Kusema samahani, Mwalimu, nimepitiwa, hesabu zako zianze leo. Maneno machache tu. Lakini nilikuwa nimeshamwambia mtu wa Maskati kwamba wapangaji wote wameambiwa, na pale barazani palikuwa na watu, na mimi ni bingwa. Haya niliyoiona ikageuka hasira. Nikamwambia mtaa mzima umesikia isipokuwa yeye, na kwamba aulize majirani.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Mzee Faki, binti yangu ana mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa mwaka. Nakuomba niache kwa kodi hii mpaka amalize. Baada ya hapo pandisha unavyotaka, nikishindwa nitahama mwenyewe. Ila sasa hivi nikimhamisha nitamvuruga."

Hilo tu ndilo aliloliomba. Muda wa mtoto kufanya mtihani. Nami nikamjibu kwamba mwisho wa mwezi atoe kodi mpya au aachie nyumba, yupo mtu anayeitaka. Mtu huyo alikuwapo kweli, lakini si kwamba alikuwa na haraka.

Akainuka. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, siku nyingine atafanyaje ili zisimpite tena habari za nyumba. Mimi nilitaka aondoke, nisiendelee kumtazama. Nikasema, "Njoo Ijumaa, kaa nje usikilize."

Mmoja wa wale waliokaa akacheka. Mimi pia nilicheka. Mpaka leo nikikikumbuka kicheko kile natamani ningekuwa nimelala siku ile.

Ijumaa iliyofuata nilisali safu ya mbele kama kawaida yangu. Kutoka nje, nikamkuta Mwalimu Anselmi amekaa kwenye ukuta mfupi karibu na ngazi, mbele ya viatu vyetu vyote. Shati limepigwa pasi, kalamu nyekundu mfukoni, madaftari ya wanafunzi magotini, anasahihisha. Aliponiona akafunga daftari, akanitazama kama mwanafunzi anayesubiri somo lianze.

"Mwalimu, kulikoni leo?" watu wakamwuliza.

"Nasubiri matangazo ya nyumba," akajibu. "Niliambiwa yanatolewa hapa."

Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa akinifanyia kejeli. Ingekuwa nafuu kwangu. Lakini nilimtazama vizuri na sikuona kejeli. Yeye ni mtu wa fizikia, ukimwambia kitu kinafanyika hivi basi anakifanya hivyo. Alikuwa anaogopa kukosa habari nyingine, basi.

Sikutoa tangazo lolote. Nikavaa viatu nikaondoka.

Ijumaa ya pili akaja tena. Kulikuwa na mvua, akaja na mwavuli. Watoto wanaocheza nje wakati wa hutuba walikuwa wamejibanza chini ya mwavuli ule, na yeye anawaonyesha kwa kidole jinsi maji yanavyotiririka ukutani, anawafundisha. Wazee wakawa wanasimama kumsalimu, wanamwuliza hali, wengine wanamlaumu kwa nini haingii hata barazani kujikinga. Mimi nilitokea mlango wa kutawadhia, nikapita nyuma, kandambili mkononi, miguu kwenye tope. Msimamizi wa nyumba za watu anamkimbia mpangaji wake! Kazini huwa kinyume chake.

Wiki hiyo nzima Mwalimu alikuwa akitafuta nyumba. Mnaijua hali ya hapa kwetu, hatuna haja ya kufichana. Mtu wa bara ambaye si Mwislamu akiulizia nyumba, wengine humpa kwa moyo mweupe, na wengine nyumba zao hupata mpangaji ghafla. "Ishapata ntu, Mwalimu, samahani sana." Hakuna anayemtukana, hakuna anayemfukuza. Anatabasamiwa tu mlango mmoja baada ya mwingine.

Mwenye nyumba mmoja alinipigia simu kuniuliza, huyu mwalimu wako ni mtu wa namna gani? Angalau hapo ningeweza kulipa kosa langu kidogo. Ningesema ni mpangaji bora niliyepata kuwa naye, na ingekuwa kweli. Nilisema, "Mtu mwema, ila notisi hazimfikii." Nikacheka tena. Mtu yule naye akacheka, na nyumba ile Mwalimu hakuipata.

Bi Mize alinijia nyumbani kabla ya Ijumaa ya tatu. Ni mtu mzima kuliko mimi, kwa hiyo nilimwamkia, akaitikia bila kukaa. Nilimpa kiti akakikataa.

"Faki," akasema, "umemuweka mwalimu wetu na vyatu."

Nikaanza kumwelezea mambo ya mkataba. Akanikatiza.

"Siye wanawake je? Hapo nje ya msikiti nani anatwambia? Wanawake wangapi wanakulipa kodi kwa mikono yao? Yule anayepika maandazi kapata habari kwa jirani, na jirani kapata kwa nke wa ntu. Shaame alikuwa akija, akikaa, akisema. Weye unakohoa tu."

"Bi Mize, nimekosea," nikamwambia. Kwake yeye neno hilo lilinitoka.

"Miye unanambia wa nini? Kamwambie mwenyewe. Ntoto wake anakaribia mtihani na usiku halali, anafikiri wapi watakwenda."

Nikamwahidi kwamba nitakwenda. Nilikwenda kweli, mpaka kwenye kona ya mteremko. Nikaona taa ya baraza inawaka, wasichana wamejipanga na vitabu, Mwalimu anaandika ubaoni. Nikajiambia nisimkatize. Nikarudi. Kesho yake nikajipa sababu nyingine. Mtu akishaanza kuona haya, vijana wangu, kila siku anayoichelewesha inamwongezea, na mwisho anamchukia aliyemkosea kwa kuwa yupo.

Ijumaa ya tatu niliamua kutotoroka. Nilipanga nitoke kwa mlango wa mbele, nimshike mkono, nimwambie. Nilikuwa nimeyapanga maneno hata wakati wa hutuba, Mungu anisamehe, sikuisikia hutuba. Lakini wazee walikuwa wengi mlangoni, na mpaka nikapata nafasi ya kutoka, Mwalimu alikuwa ameshasimama. Amepanda ngazi ya kwanza, pale pale ninaposimama mimi. Akakohoa kidogo.

"Shikamooni, wazee wangu," akasema.

"Marahaba," watu wakaitikia, wameinama, wanatafuta viatu.

"Samahani kwa kuwachelewesha. Mimi ni mpangaji wa Mzee Faki, nyumba ya pale chini ya mteremko. Niliambiwa mambo ya nyumba hutangazwa hapa, na la mwanzo lilinipita. Basi na mimi natoa taarifa yangu. Mwisho wa mwezi nitaiachia nyumba. Na kama kuna mzee ana nyumba, naomba anifikirie. Tuko watu watano. Kodi tunalipa kwa wakati. Hatunywi pombe, hatupiki kitu ambacho kitawaudhi majirani. Binti yangu ana mtihani. Ahsanteni sana."

Akashuka, akakusanya madaftari yake.

Hatunywi pombe. Mtu wa umri ule, aliyewafundisha watoto wetu miaka yote ile, amesimama mbele ya viatu vyetu anajieleza kwamba hanywi. Mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Watu wakainuka kutoka kwenye viatu na kunitazama, mmoja mmoja. Sikuwa na pa kuuweka uso. Nilijifanya natafuta kandambili, nikavaa ya kwanza niliyoigusa, nikaenda zangu. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza mbona nimevaa moja nyekundu na moja ya buluu.

Nilichokisikia baadaye ni kwamba kabla Mwalimu hajafika kwake, watu wameshamfuata. Wale wale ambao nyumba zao zilikuwa zimepata mtu ghafla, mmoja wao alimfuata na ufunguo. Aliyewatangulia wote ni Hamad, mtoto wa Bi Mize, aliyekuwa amejenga nyumba nje kidogo ya mji, upande wa Wawi. Haijaisha vizuri, umeme haujaingizwa, lakini ina milango na ina bati. Kodi atakayoweza. Mwalimu akakubali pale pale, wakapeana mikono.

Jioni hiyo nikampigia simu mtu wa Maskati. Nilimwambia yote, kuanzia ngazi za msikiti mpaka kicheko changu. Nilitarajia aniambie nimrudishie funguo zake, na ningezirudisha.

"Faki," akasema, "kwa nini hukunambia tangu mwanzo? Mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha ntoto wa ndugu yangu. Mwache akae kwa kodi ile ile, mwaka mzima akitaka. Miye nilidhani wote wamekubali."

Kumbe hivyo tu. Hapakuwa na mtu yeyote aliyetaka kumtoa Mwalimu Anselmi katika nyumba ile isipokuwa mimi, na mimi mwenyewe sikutaka. Nilitaka tu nisionekane nimekosea. Ndiyo maana nawaambia nyinyi mnaotuma notisi kwa WhatsApp na kutazama alama mbili za buluu: alama zile zinakuonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa. Mtu ameupokeaje, hilo utalijua ukikaa naye.

Asubuhi nilikwenda. Nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikakaa. Sebule ilikuwa imejaa maboksi. Niliuliza hali ya Mwalimu, ya Mama Upendo, ya watoto, ya wazazi wao huko bara, na majibu nikayasikiliza. Mama Upendo akaleta chai. Nikamwambia nina sukari, akaniletea kavu, yenye mchaichai. Nikanywa kikombe kizima. Kisha nikamwomba Mwalimu radhi, mbele ya mkewe, bila kupunguza kitu. Hata ile simu ya mwenye nyumba aliyeniulizia nikamwambia. Halafu nikampa habari niliyokuja nayo: mwenye nyumba anasema mkae, kodi ile ile, umeme huu hapa, Upendo asome kwenye baraza lake mpaka amalize na baada ya hapo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwona mkewe akimtazama, na nikajua angependa kubaki.

"Nashukuru sana, mzee," Mwalimu akasema. "Na nimekusamehe. Lakini nimeshatangaza."

"Tangazo hufutwa, Mwalimu."

"Hamad ameshaanza kupaka chokaa. Nimempa mkono mbele ya watu."

"Hamad ni mtu wetu, ataelewa. Nitakwenda kusema naye mimi. Tangazo ni maneno tu, baba, yanafutika."

Akaniangalia kwa upole, upole kabisa, kama anavyowaangalia wanafunzi wake.

"La kwako, mzee, lilifutika?"

Mama Upendo alinyanyua birika akaniongeza chai, nami nikainywa, huku nikimsikia Upendo chumbani akifunga vitabu vyake kwa kamba.